Jina Lisilosikika Kaole

Mkunga wetu alinyimwa komunyo miaka mingi kwa sababu ya swali ambalo lingejibiwa kwa neno moja. Padre alimwuliza, hakujibu. Kabla ya padre, mwanamume mmoja wa kijiji cha jirani cha Kaole, Mwislamu, alikwisha kuja mlangoni kwake na ndugu zake wawili wenye mapanga, akamwuliza hilohilo. Hakujibu vilevile. Swali lenyewe lilikuwa hili: siku alipommwagia maji kichwani mtoto wa Kaole aliyezaliwa bila kulia, je, alitaja Jina?

Asiyejua mambo yetu lazima aelezwe kidogo. Katika kijiji cha Wakristo cha Bagamoyo, ambacho watu wake wengi walikuwa watumwa waliokombolewa, mkunga alifundishwa na padre jambo moja lisilohusu uzazi. Mtoto akitoka naye yu karibu kufa, na padre yuko mbali, mkunga achukue maji, ammwagie kichwani, aseme kwamba anambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Akisema hivyo, mtoto amebatizwa sawasawa na aliyebatizwa kanisani kwa mishumaa na nyimbo. Asiposema, maji ni maji. Sasa, wakunga wote wa pwani hii, Wakristo kwa Waislamu, humrushia maji baridi mtoto aliye kimya ili ashtuke avute pumzi. Mkono ni uleule, maji ni yaleyale. Tofauti yote imo katika maneno. Kule Kaole maji waliyaona. Maneno hakuna aliyeyasikia.

Nilikuwa jirani yake, kuta zetu zikitenganishwa na kichochoro cha kupita mbuzi. Kazi yangu ilikuwa kufua vitambaa vya altare na kanzu za mapadre. Watoto wangu wote walipokelewa na mikono yake. Kwa hiyo ninayoyasema hapa mengine niliyaona, na mengine niliyaulizia kwa waliokuwapo. Nitasema lipi ni lipi.

Alizaliwa wapi sijui, na hakupenda kuulizwa. Jina la ubatizo alikuwa nalo, ila padre peke yake ndiye aliyelitumia. Sisi tulimwita Mkunga. Kabla ya kufika misheni alikuwa amepewa majina mengi, na siku moja, tukichambua mchele, alinieleza kwa nini hakuyataka tena.

"Kila aliyenitia mkononi alinipa jina jipya," alisema. "Umewaona wale wenye pembe za ndovu mjini? Pembe ikinunuliwa, alama ya kwanza inakwanguliwa, inatiwa nyingine. Ndivyo nilivyokuwa mimi. Sasa niache na kazi yangu. Mkunga yatosha."

Alikuwa mrefu, bega la kushoto limeshuka kwa mizigo ya zamani, na alinusa ugoro hata ndani ya kanisa. Chafya zake zilikuwa maarufu. Padre aliyezoea alinyamaza kidogo katikati ya mahubiri, akasubiri ya pili, kwa maana kila mara zilikuja mbili, kisha akaendelea. Matusi aliyajua kwa Kizigua, kwa Kikwere na kwa Kiswahili cha bandarini, na mwanamke aliyeshindwa kusukuma aliyasikia yote. Mimi mwenyewe niliyasikia. Nilipomlalamikia baadaye alisema, "Ulikasirika?" Nikasema nilikasirika sana. "Basi ndiyo hiyo nguvu niliyokuwa naitafuta."

Watu wa nje walishangaa kwamba hakumwamkia mtu yeyote shikamoo. Si padre, si masista, si wazee wa mjini, si liwali alipopita na watu wake. Alisema "sabalkheri" au "masalkheri" kama alivyomwambia muuza vitumbua, akapita. Mwalimu wetu wa dini, kijana aliyependa adabu zionekane, alimkabili mbele ya kisima.

"Mama Mkunga, unatuaibisha. Wageni wanauliza ni mafundisho gani haya."

"Waambie nilikwisha kushika miguu ya watu mpaka ikatosha. Siku hizi nashika miguu ya wanaotoka tumboni tu. Wewe ukitaka niishike yako, rudi ulikotoka uje upya."

Wanawake waliangusha ndoo kwa kucheka. Mwalimu hakumsamehe.

Mtu huyuhuyu, ambaye shingo yake haikupinda kwa liwali, aliinamisha kichwa kila Jina la Yesu lilipotajwa. Si kwa kupenda kuonekana. Angekuwa anazungumza nawe, mtu wa nyumba ya pili akitaja Jina katika sala ya jioni, yeye alikata neno, akainama, akainuka, akaendelea na neno lake pale alipoliacha. Mwenyewe hakulitaja ovyo. Katika mazungumzo alisema "Bwana", na mara nyingi zaidi alisema "Mwenyewe". Kulitaja alilitaja katika sala, kwa sauti ya chini kiasi kwamba aliyepiga magoti kando yake hakuambulia kitu.

Watoto wa kijiji waligundua udhaifu huo, kama walivyouona wao. Walijificha nyuma ya michongoma akitoka kisimani na mtungi kichwani, wakapiga kelele kwa pamoja, "Yesu!", ili ainame mtungi umwagike. Walifanya hivyo mara moja tu. Mkunga alisimama, akautua mtungi chini bila haraka, akainamisha kichwa kama kawaida yake, kisha akavunja ufito. Aliyekimbia kwa kasi kuliko wote ndiye aliyechapwa zaidi, maana alimfuata mpaka kwao, na mama yake alipotoka kumtetea aliambiwa, "Huyu nilimtoa kichwa kikiwa kimekwama. Nakijua kichwa chake. Sasa amekitia kitu kibaya, nakitoa tena."

Mwalimu wa dini naye alipata lake. Alikuwa na mazoea ya kuongoza sala kwa kulirudia Jina kwa kelele, mshipa wa shingo umemtoka. Mkunga alimngoja nje. "Mwalimu," alimwambia, "unamwita kama mtu aliyepotelea sokoni. Yuko hapa. Anasikia."

Lakini kisa ninachokikumbuka zaidi kuliko hivyo ni cha mnyapara wa wapagazi. Msafara wake ulikuwa unajiandaa kwenda bara, mizigo ya nguo na shanga imeshafungwa, naye alikuja kijijini kwetu na kipande cha ngozi kilichokatwa vizuri kwa hirizi. Tayari alikuwa na hirizi nyingine mbili mkononi. Nilikuwa nimekaa kizingitini kwa Mkunga.

"Mama, nasikia jina la bwana wenu lina nguvu. Mwambie mwalimu wenu aniandikie, nilishone humu."

"Ukishalishona utalitaja?"

"Ya nini? Litanilinda lenyewe."

"Basi unataka mlinzi asiyesemeshwa. Kodi askari."

"Nitakupa upande wa kaniki."

"Nguo ninayo. Simama hapo, nitakuombea sasa hivi, bure. Kushona, hapana."

Mnyapara aliudhika. "Nyinyi watu wa misheni mna choyo."

"Ndiyo," alisema Mkunga. "Kwa hili tuna choyo."

Hata hivyo alisimama, akamwombea, mnyapara akiwa ameshika ngozi yake hajui aiweke wapi. Alipokwisha kwenda nilimwuliza kwa nini hakumpa tu, mtu ana hofu ya njia. "Nimeona watu wanavyofanya na jina wakishalimiliki," alisema.

Sikumwelewa mpaka mambo ya Kaole.

Siku hiyo sikuwapo. Ninayoyaandika niliyapata kwa wifi yake mzazi, aliyekuwa mlangoni, na kwa bibi wa mtoto, aliyekuwa ndani. Mkunga wa kwao alikuwa amekwenda Miono kwenye msiba, uchungu ukakaza tangu asubuhi, na kufikia adhuhuri wakatuma mtu kwetu. Mume, mwenye shamba la minazi, hakuwa nyumbani. Angekuwapo labda asingekubali. Alasiri mtoto alitoka, mwanamume, wa rangi ya majivu, hatoi sauti. Mkunga alimpangusa kinywa, akamgeuza, akampigapiga nyayo. Kimya. Akaomba maji. Wifi mtu alileta kata, akarudishwa mlangoni. Mkunga aliupa mlango mgongo, akachota, na maji yakaonekana yakitiririka kutoka kwenye kiganja chake juu ya utosi wa mtoto. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha mtoto akalia.

Mume alirudi kabla ya magharibi, akamkuta mwanawe ananyonya. Alimchukua, akamwadhinia sikioni kama inavyopasa. Ndipo dada yake akamweleza habari za maji, na akataja kwamba Mkunga aliwapa mgongo.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa jirani yangu. Niliyasikia yote, nilikuwa naanika.

"Ulimfanyia nini mwanangu kabla sijafika?"

"Nilimmwagia maji."

"Na maneno?"

"Ulimkuta analia au ananyamaza?"

"Nilimkuta yu mzima."

"Basi ulikuta kazi yangu imekwisha. Iliyobaki ni yako."

"Mwanamke, nijibu! Nabii Isa twamheshimu, lakini mwanangu si wa misheni."

"Nimekuja kumdai?"

Ndugu mmoja wa yule mwanamume aligonga panga kwenye nguzo ya baraza. Mkunga alitoa kidau cha ugoro, akanusa, akapiga chafya yake ya kwanza na ya pili. "Rudini," alisema, "mama yake anahitaji uji, si mapanga." Walirudi, lakini mwenye mtoto aliapa kwamba mkono wa Mkristo hautaingia tena nyumbani kwake.

Mwalimu wa dini alizifikisha habari kwa padre kabla ya jua kupanda. Sisemi padre alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watoto wengi wa kijiji chetu kwa mikono yake, na nilimwona akilia akidhani hakuna mtu. Aliamini kwamba mtoto aliyetajiwa Jina amekwisha kuwa Mkristo, na kwamba kumwacha akalelewa nje ya imani ni kumwibia kilicho chake. Alimwita Mkunga barazani. Mimi nilikuwa upande wa nyuma, nakunja vitambaa.

"Uliyataja maneno?"

"Padre, mtoto yu hai."

"Namshukuru Mungu. Uliyataja?"

"Nikisema ndiyo, itakuwaje?"

"Itabidi alelewe huku kwetu."

"Atatolewa Kaole kwa kuombwa, au kwa kuchukuliwa?"

"Hayo tutayaona."

"Mimi nimekwisha kuyaona."

Mkunga aliendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilitolewa mgongoni kwa mama yangu na mtu aliyetaja jina. Jina la bwana fulani, mkubwa kule kwetu. Alisema tu, huyu ni wa fulani, na watu wazima wote waliokuwapo wakaachia mikono. Mpaka leo naisikia ile mikono inavyoachia. Jina la Mwenyewe sitalifanyia kazi ile."

"Hakuna anayekuambia uuze mtoto. Tunazungumza juu ya roho yake."

"Roho yake anaijua Mwenyewe. Kama nililitaja, alinisikia. Kama sikulitaja, anajua kwa nini."

"Basi njoo uungame."

"Naungama dhambi, Padre. Hii ni dhambi ipi? Niambie jina lake niilete."

Hapo padre alisimama. Alimwambia kwamba hatakaribia komunyo mpaka atakapojibu, ndiyo au hapana. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa adhabu ya siku chache. Kwa Mkunga, ambaye nilimwona akifunga tangu jana yake ili akipokee kile kipande cha mkate, nilijua alichonyimwa. Aliitika, "Haya," akashuka ngazi. Shingo haikupinda.

Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kanisani. Alikaa mbele kabisa. Watu walipoinuka kwenda kupokea, yeye alibaki pale, macho wazi, na kila mmoja alilazimika kumpita, na padre alilazimika kumwona. Alifanya hivyo kila Jumapili, masika na kiangazi. Hakukosa, ila mwanamke akiwa na uchungu. Wako waliomwambia ahame, aende kanisa la Wakristo wengine upande wa Unguja. "Kwani nimegombana na Mwenyewe?" alijibu.

Kazi hakuiacha, ingawa padre aliteua mkunga mwingine. Wanawake walimsikiliza padre kwa heshima, kisha saa ilipofika wakaniambia mimi, "Gonga ukuta wake." Na baada ya muda Kaole nao walituma mtu. Mke wa yule mwenye shamba alikuwa mjamzito tena, na alisema kwamba akija mwingine hatalala mkekani. Mume alivunja kiapo kwa sharti moja: yeye atasimama nje ya mlango, asikie. Wifi mtu alinihadithia akijishika mbavu. Mkunga alizungumza tangu alipoingia mpaka alipotoka, bila kupumua, kwa sauti ya mnadi: bei ya chumvi, mbuzi wangu aliyekula kanzu ya padre, nani ameolewa Kiwangwa. Mtoto alitoka analia mwenyewe. "Umesikia yote?" Mkunga alimwuliza yule bwana mlangoni. "Nimesikia mpaka kichwa kinauma," alisema. Huyo ndiye aliyemsindikiza mpaka njia panda.

Kisha vilikuja vita, Wadachi walipotaka pwani na watu wa pwani wakakataa. Mji ulipoanza kuungua, watu walikimbilia misheni, wa dini zote, wakajenga vibanda vya makuti mpaka ukutani mwa kanisa. Kaole walikuja. Yule mtoto alikuwa sasa mvulana wa kung'oka meno, ameshaanza kusoma juzuu chuoni kwao, mwembamba, mkorofi. Padre alipita kibandani kwao mara kadhaa. Alimtazama mtoto. Nami nilimwona baba mtu akimtazama padre akitazama.

Ni wakati huo nilipopata nafasi ya kumwuliza bibi wa mtoto. Alikuwa karibu kuliko wote siku ile, amemshikilia mgongo mzazi aliyekuwa amezirai kwa uchovu, uso kwa uso na Mkunga. Nilikaa naye, nikamwuliza wazi kama aliona midomo ikicheza.

"Ilicheza," alisema.

"Ilisema nini, bibi?"

Alinigeuzia sikio, akanitaka nirudie. Nilirudia. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mimi tangu kuolewa sisikii mtu asiyepiga kelele. Kwani hawajakwambia?"

Katika vibanda vile Mkunga alizalisha watu kila siku, akakonda, na kifua kikamshika. Padre alimkuta amekaa juu ya mzigo wa makuti, akamwambia, "Jumapili njoo upokee."

"Swali umelifuta?"

"Sijalifuta. Nimechoka kuliuliza."

"Basi ukipumzika utaliuliza tena," alisema, na Jumapili hakuinuka.

Mizinga iliponyamaza alikuwa hawezi kutembea mpaka kanisani. Asubuhi moja padre alikuja mwenyewe nyumbani kwake na komunyo kifuani, mimi nikashika mshumaa. Nilimngoja aulize. Hakuuliza. Alipiga magoti kando ya kitanda cha kamba, akasema sala zake, akampa. Mkunga alipokea. Padre alipokwisha kutoka alisema, "Leo ameniamini," kisha akaniomba ugoro.

Kesho yake watu wa Kaole walikuwa wanafunga mizigo kurudi kwao. Baba wa yule mvulana alinijia, mtoto kamshika mkono.

"Mwambie jirani yako," alisema, "kama alisema, halikumdhuru mwanangu. Na kama hakusema, basi hatuna tunachomdai. Mimi silitaki tena jibu."

Nilikwenda kumpa ujumbe. Alikuwa macho, ameegemea ukuta. Nje hakuna aliyekuwa akisali, kengele haikuwa imelia, na yule bwana hakuwa amelitaja Jina, wala mimi sikulitaja. Nilimweleza maneno yote kama nilivyopewa, neno kwa neno.

Mkunga alifumba macho, akainamisha kichwa. Akainuka, akaniuliza kama mvulana anatembea vizuri, na kama miguu yake imenyooka.

Nilimwambia imenyooka. Huko kuinama, alikuwa amelitaja saa ile moyoni, au alikuwa amekumbuka alasiri ya Kaole, sikumwuliza.